Mazoezi yanaongeza lastiki ya misuli? Jibu kwa mkimbiaji wa mita 400

Swali lililonifikia nalifupisha hivi. Msomaji ana miaka 27, anakimbia mita 400, ndani ya mwaka mmoja amechanika mara 2 msuli wa nyuma ya paja, mguu uleule. Kocha wake kamwambia "misuli yako imekauka, haina lastiki", basi kwa miezi 5 amekua akijinyoosha asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa hivi anainama anagusa vidole vya miguu vizuri tu, lakini kasi haijasogea na akifungua mbio bado anahisi kitu kinavuta kule nyuma. Amesoma kwamba ndani ya msuli kuna protini inaitwa titini inayofanya kazi kama springi, anauliza mazoezi gani yanaiongeza, na je anunue vidonge vya elastini na kolajeni, protini nyingine 2 za mwilini?

Mdogo wangu, kwanza pole kwa kuchanika mara 2, najua inavyokatisha tamaa, unapona unaanza kuiamini miguu alafu siku moja kwenye kona ya mwisho inakuuma tena palepale. Na hongera kwa miezi 5 ya kujinyoosha, wengi wanaishia wiki ya pili. Ila hio miezi 5 umeitumia kutibu kitu ambacho hukua unaumwa, na nataka nikueleze kwa nini maana ukielewa hapa mengine yote utayapanga mwenyewe.

Chukua lastiki 2. Moja ni ya suruali iliyofuliwa miaka mingi, nyingine ni mpira mpya wa manati. Ile ya suruali ukiivuta inakufuata tu, haibishi, ukiiachia inarudi kwa uvivu au inabaki imelegea hivyohivyo. Ule wa manati unakubishia tangu mwanzo, unauvuta kwa mkono mzima, ukiuachia jiwe linaondoka. Sasa niambie, ipi ina lastiki zaidi? Watu wengi wanaposema msuli una lastiki wanamaanisha msuli laini unaovutika mbali, lakini kwa mtu wa mbio lastiki maana yake ni kurudi, na kurudi kwa haraka na kwa nguvu. Kinachovutwa bila kubisha hakina cha kurudisha. Kwa hiyo ugumu kiasi kwenye msuli wa mkimbiaji ndio mtaji wake, na kocha wako kasema neno sahihi "lastiki" lakini dawa aliyokupa ni ya kitu kingine.

Tuje kwenye titini sasa, maana hapa ndo nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na siwezi kuipita haraka.

Ndani ya kila unyuzi wa msuli kuna vyumba vidogo sana vimepangwa foleni kama mabehewa ya treni, kila kimoja kinaitwa sakomia. Sakomia ikiwa imetulia ina urefu wa kama maikromita 2 mpaka 2.5, yaani ukizipanga kama 400 ndo unapata milimita moja, na unyuzi wa sentimita 10 una sakomia kama 40,000 kwenye foleni moja. Ndani ya sakomia kuna nyuzi nene za miosini katikati na nyuzi nyembamba za aktini zinazotokea kwenye kuta za pande mbili. Msuli unapokaza, miosini inazishika aktini na kuzivuta, zinateleza zikiingiana na chumba kinafupika. Hili limejulikana tangu 1954, lipo kwenye kila kitabu cha shule.

Lakini kuna swali ambalo maelezo hayo hayakulijibu. Msuli ukiwa umepumzika kabisa, miosini haijashika aktini, ukiuvuta unabisha, ukiuachia unarudi mahali pake. Nani anaurudisha? Na nani anaishikilia miosini ibaki katikati ya chumba isilale upande mmoja? Jibu lilichelewa mpaka miaka ya 1970, mtafiti Koscak Maruyama wa Japani alipoeleza protini yenye lastiki aliyoiita konektini, alafu Kuan Wang na wenzake Marekani mwaka 1979 wakaeleza protini kubwa ajabu wakaiita titini, kutokana na wale Titani, majitu ya hadithi za Wagiriki. Baadae ikaonekana ni kitu kilekile. Sababu mojawapo ya kuchelewa ni ya kawaida kabisa, na mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Kwenye maabara ukitaka kuona protini za msuli unazipitisha kwenye jeli kwa umeme, ndogo zinakimbia chini, kubwa zinabaki juu. Titini ni kubwa mno mpaka kwenye jeli ya kawaida inagoma kuingia, inabaki imeganda pale mlangoni juu kabisa kama uchafu, na watu walikua wanaona ule uchafu wanaupita. Lazima utengeneze jeli laini sana, inayotaka kukuvunjikia mkononi, ndo mstari wa titini unaanza kuonekana. Nilipouona ule mstari mara ya kwanza nilisimama muda mrefu nauangalia tu.

Ukubwa wake nikupe kwa hesabu. Protini nyingi mwilini zina amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, mia chache. Titini ya binadamu ina zaidi ya 34,000. Molekuli moja inazidi urefu wa maikromita 1, inaanzia kwenye ukuta wa sakomia mpaka katikati kabisa, nusu chumba nzima molekuli moja. Baada ya miosini na aktini, ndio protini inayofuata kwa wingi kwenye msuli.

Na springi yake sio waya uliojikunja kama ule wa kwenye godoro. Fikiria uzi wa shanga. Sehemu kubwa ni vifundo vidogo vilivyofuatana, shanga baada ya shanga, alafu katikati kuna kipande kisicho na shanga, kimekaa kama uzi uliojikusanya ovyo, wataalamu wanakiita PEVK kwa herufi za amino asidi 4 zilizojaa pale. Ukiuvuta msuli taratibu, kwanza ule mlolongo wa shanga uliojipinda unanyooka, hapo hata husikii upinzani. Ukiendelea, kile kipande cha PEVK kinaanza kukunjuka na hapo ndo unasikia msuli unabisha. Na ukivuta zaidi, shanga zenyewe zinaweza kufunguka moja moja. Mwaka 1997 watafiti walishika molekuli moja ya titini kwa ncha ndogo sana wakaivuta, na mchoro wa nguvu ukatoka kama meno ya msumeno, nguvu inapanda, shanga inafunguka, nguvu inashuka, inapanda tena, inafunguka nyingine. Na ukilegeza, shanga zinajikunja upya. Mimi hii ndo picha ninayokua nayo kichwani nikimuona mtu anakimbia.

Sasa swali lako, mazoezi gani yanaongeza titini. Hapa lazima nikurekebishe kidogo kwa sababu neno "kuongeza" linakupeleka njia isiyo yako. Idadi ya titini ndani ya sakomia imepangwa, kwa kila nusu ya uzi mmoja wa miosini zipo titini 6, hakuna mazoezi yatakayochomeka ya saba. Unachoweza kuongeza ni sakomia zenyewe, na kila sakomia mpya inakuja na titini zake. Unaweza kuziongeza kwa upana, foleni nyingi sambamba, huko ndo msuli kunenepa na kupata nguvu. Au kwa urefu, mabehewa zaidi kwenye treni ileile, na huku ndo kunakuhusu wewe. Msuli wenye sakomia nyingi kwenye foleni ukivutwa sentimita 2, kila sakomia inagawana kipande kidogo cha ile sentimita 2, kwa hiyo hakuna inayovutwa mpaka mwisho wake. Msuli wenye foleni fupi, sentimita zilezile 2 zinagawanywa kwa wachache, kila mmoja anavutwa zaidi.

Kwamba foleni inaweza kurefuka au kufupika tumejua zamani. Mwaka 1972 ilionyeshwa kwa paka waliofungwa plasta mguuni, msuli uliofungwa ukiwa umefupishwa ulipoteza karibu asilimia 40 ya sakomia zake kwenye foleni, uliofungwa ukiwa umenyooshwa uliongeza karibu asilimia 20, na plasta ilipotolewa hesabu ikarudi ilivyokua ndani ya wiki chache. Alafu mwaka 1994 ikaja ya panya kwenye mashine ya kukimbilia, waliofundishwa kukimbia kwa kuteremka wakawa na sakomia nyingi zaidi kwenye foleni ya msuli wa paja kuliko waliofundishwa kukimbia kwa kupanda. Angalia hapo, panya wote walikimbia, tofauti ni kwamba ukiteremka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inarefuka, inafunga breki, na ukipanda inafanya kazi huku inafupika. Hio kazi ya breki ndio neno nataka ulishike, nitalirudia.

Kuna mambo mengine 2 kuhusu titini yanayobadilika, nitayataja kwa kifupi. Moja ni aina yake. Jeni ni moja, TTN, lakini mwili unaweza kuikata na kuiunganisha kwa namna tofauti ukapata titini ndefu laini au fupi ngumu, ndio maana titini ya moyo sio sawa na ya paja, na misuli tofauti ya mguu uleule ina za urefu tofauti. Hilo kwa sehemu kubwa umezaliwa nalo na msuli wenyewe umepangiwa. Lingine ni kukaza na kulegeza springi iliyopo, mwili unabandika vipande vidogo vya kemikali vinavyoitwa fosfeti sehemu fulani za titini na ugumu wake unabadilika bila kujenga kitu kipya. Kwa panya, mbio za mara moja tu za dakika 15 zilitosha kubadilisha ubandikaji huo. Kwa hiyo ukimaliza mazoezi springi zako sio zilezile kabisa za asubuhi, zimeguswa.

Narudi kwenye breki.

Zamani sana, mwaka 1952, watafiti Abbott na Aubert waliandika kitu cha ajabu. Msuli uliokazwa alafu ukavutwa ukiwa bado umekaza, ukafika urefu fulani ukasimama hapo, unatoa nguvu kubwa kuliko msuli uleule ukikazwa ukiwa tayari kwenye urefu huohuo. Yaani njia uliyopitia kufika pale inabaki kwenye msuli kama kumbukumbu. Nadharia ya miosini na aktini peke yake haikuweza kueleza hili vizuri, na leo jicho liko kwa titini, kwa sababu msuli ukiamshwa kalisiamu inamwagika ndani ya unyuzi na kalisiamu hio inaifanya titini iwe ngumu zaidi, na ipo hoja nzito kwamba titini wakati huo inajishika na aktini, springi inakua fupi, inakua ngumu. Kwa lugha ya shambani ni kama umeukamata mpira wa manati katikati badala ya mwishoni. Na ndio maana unaweza kushusha mzigo ambao huwezi kuupandisha, jaribu jimu utaona, uzito unaokushinda kunyanyua unaushusha taratibu bila shida, na unatumia nishati kidogo kuliko kupandisha.

Sasa weka hilo kwenye mbio zako. Msuli wa nyuma ya paja kwa mkimbiaji wa kasi mara nyingi unachanika sehemu moja, pale mguu umerushwa mbele, goti linafunguka, unyayo bado haujagusa chini. Kwa muda huo mfupi sana msuli unarefuka kwa kasi na papo hapo umekaza kwa nguvu ili kusimamisha mguu usiendelee kwenda mbele na kuurudisha chini. Ni breki tupu. Kile unachofanya asubuhi na jioni, kukaa chini ukashika vidole ukatulia, msuli umelala. Haujakaza. Haujaamshwa. Unaufundisha kuvutwa ukiwa usingizini, wakati ajali inatokea ukiwa macho kabisa na umekaza wote. Hayo ni mambo 2 tofauti, na ndio maana unagusa vidole na bado unavutwa.

Na hata hio kugusa vidole, nikwambie ukweli, kwa wiki na miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya kinachobadilika ni uvumilivu wa neva. Msuli ukipimwa kwa mashine mara nyingi unabisha vilevile kwenye pembe ileile, ila wewe umezoea ile hisia ya kuvutwa unakubali kwenda mbali zaidi. Sio jambo baya, linasaidia, lakini usidhani umejenga springi mpya.

Basi ufanye nini. Kwako ningeanza na zoezi moja kabla ya yote, wengi wanaliita Nordiki. Unapiga magoti kwenye kitu laini, mtu anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu asiachie, mwili umenyooka kuanzia magoti mpaka kichwa, nyonga usikunje, alafu unajiachia kwenda mbele taratibu ukizuia kwa misuli ya nyuma ya paja peke yake. Taratibu, taratibu, utafika mahali unaanza kutetemeka, na sekunde inayofuata inakushinda unadondokea mikono. Pale pa kutetemeka ndo pa kufanyia kazi. Unajisukuma kwa mikono kurudi juu, unaanza tena. Kupanda hakuna umuhimu, kushuka ndio dawa. Mwaka 2019 zilikusanywa tafiti 15 zenye wanamichezo 8,459, na programu zenye zoezi hili zilipunguza majeraha ya msuli huu kwa karibu nusu. Nusu nzima! Kwenye kazi yetu ni mara chache kupata kitu kimoja rahisi, kisichohitaji kifaa, chenye matokeo ya namna hio, na bado nakutana na timu hazifanyi kwa sababu linauma siku za mwanzo.

Na litakuuma kweli. Anza wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za mara 5, basi. Wiki ya pili siku 2, seti 2 za mara 6. Wiki ya tatu unaweza kwenda siku 3 na seti 3 za mara 6 mpaka 8, alafu unapanda kidogo kidogo mpaka wiki ya 10. Ukianza kwa seti 3 za mara 10 siku ya kwanza kwa hasira, kesho kutwa hutoweza kukaa chooni, nasema kweli. Maumivu yale yanafika kilele kati ya saa 24 na 72, na sio asidi ya laktiki kama watu wanavyosema, hio inakua imeshaondoka ndani ya saa 1 au 2. Ni sakomia zilizovutwa kupita kiasi, kuta zake zimepinda, na titini nyingine zimekatika. Hilo la kukatika sio dhana, baada ya mazoezi mazito ya kushusha, vipande vya titini vinapatikana kwenye mkojo, protini iliyokua imeshikilia sakomia kwenye paja siku 3 nyuma leo iko kwenye chupa ya maabara. Lakini usiogope, titini inabadilishwa muda wote, mwili unaivunja na kuijenga upya ndani ya siku chache, na zoezi lilelile ukilirudia wiki 2 baadae maumivu yanapungua sana hata kama umeongeza. Msuli umejipanga upya. Mwili umesoma ile mvuto ukajibu, na titini yenyewe inahusika kwenye kusoma, mwisho wake mmoja una sehemu inayobadilika umbo ikivutwa na kupeleka taarifa mpaka kwenye kiini cha seli kwamba huku tunavutwa, jenga.

Kwa hiyo kwa maneno mengine springi yako ndio kipimo pia. Isipovutwa ikiwa inafanya kazi, haina cha kuripoti.

Wiki ya 5 au 6 hivi, Nordiki ikiwa imekaa vizuri, ongeza zoezi la kuinama na chuma miguu ikiwa karibu imenyooka, kwa sababu Nordiki inafanya kazi kwenye goti tu na kwenye mbio msuli huu unavutwa kutoka nyonga pia. Shuka kwa sekunde 3 au 4. Na kukimbia kwa kasi kubwa usikuache, hili watu waliochanika wanalikosea sana, wanaogopa kasi miezi mizima alafu wanarudi kwenye mashindano msuli haujaonja kasi hio kwa siku 60. Hakuna zoezi la jimu linalovuta msuli wa nyuma ya paja kama kukimbia kwa kasi yenyewe. Anza na asilimia 70 ya kasi yako, mita 40, 50, panda taratibu wiki hadi wiki, usiruke kutoka 80 kwenda 100.

Sasa kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, maana lastiki ya mkimbiaji haikai kwenye msuli peke yake, na pengine kwa upande wa kasi kano ndio mwenye fungu kubwa. Unyayo unapogusa chini kwenye mbio za kasi unakaa kama sehemu ya kumi ya sekunde tu, hakuna muda wa msuli kujivuta na kujisukuma polepole. Msuli wa kigimbi unakaza unashikilia, kano ya kisigino ndio inavutika na kurudi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1987 ilikadiria kwamba kano ya kisigino inahifadhi na kurudisha kama asilimia 35 ya nishati ya kila hatua ya mbio, na upinde wa unyayo kama asilimia 17. Ukijumlisha, nusu ya nishati ile inapita kwenye lastiki ambazo hazili chakula. Kano zimejengwa kwa kolajeni, elastini ni kidogo sana ndani yake, na zinachotaka ni mzigo mzito unaoshikiliwa, sio mizigo midogo ya haraka. Simamia vidole vya miguu na uzito mkubwa karibu na mwisho wa uwezo wako, shikilia sekunde 3, pumzika sekunde 3, mara 4, seti 5, siku 3 kwa wiki, na usitegemee kitu kabla ya wiki 12 maana kano ni wavivu. Baada ya hapo ongeza mazoezi ya kurukaruka, kamba, kuruka mguu mmoja mmoja, ukisikiliza mlio wa unyayo wako, mlio mfupi mkavu ni lastiki inarudisha, mlio mzito wa "pwaa" ni nishati inapotea kwenye sakafu.

Vidonge. Elastini unayoimeza haifiki kwenye msuli ikiwa elastini, tumbo linaikata vipande kama linavyokata nyama au maharage, zinaingia amino asidi na vipande vifupi tu. Alafu elastini ya mwili wako ilijengwa hasa ukiwa tumboni na utotoni, na inakaa muda mrefu ajabu, ile ya kwenye mapafu imepimwa ikaonekana inakaa kwa wastani zaidi ya miaka 70. Hata kolajeni ya katikati ya kano ya kisigino ni hivyohivyo. Watafiti walitumia kaboni iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakapima kano za watu waliozaliwa miaka tofauti, wakaona kiini cha kano hio kinajengwa mpaka mtu anafika kama miaka 17, baada ya hapo hakibadilishwi karibu kabisa. Kwa hiyo pesa ya vidonge nunulia chakula chenye protini ya kutosha, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, ukigawa kwenye milo, na ulale.

Kujinyoosha usiache moja kwa moja, usinielewe vibaya. Punguza. Jioni au baada ya mazoezi ni sawa, kama kunakufanya ujisikie vizuri endelea. Kabla ya mbio usikae kwenye mkao mmoja zaidi ya sekunde 60 kwa msuli mmoja, ndefu kuliko hapo zinapunguza nguvu kidogo kwa muda, na kwa mtu wa 400 kidogo ni kingi. Kabla ya mbio pasha moto kwa kukimbia polepole, kurusha miguu, kuongeza kasi kidogo kidogo.

Mambo 3 ya kukupeleka hospitali bila kusubiri. Ukisikia mlio wa kitu kukatika nyuma ya paja na baadae michubuko ya zambarau inashuka chini, hasa kama maumivu yapo juu karibu na mfupa wa kukalia, hio sio ya kujitibu nyumbani. Mkojo ukiwa mweusi kama soda siku 1 au 2 baada ya mazoezi mazito pamoja na misuli iliyovimba, nenda siku hiohio, figo zipo hatarini. Na la mwisho halihusu paja lakini linahusu titini, jeni hiihii ya TTN ikiwa na kasoro ya kukatisha protini ni moja ya sababu kubwa za moyo kutanuka na kudhoofika, karibu robo ya wagonjwa wenye ugonjwa huo unaorithiwa kwenye familia wana kasoro hio. Kwa hiyo kama umewahi kuzimia ukikimbia, au pumzi inakuishia kwa namna isiyo ya kawaida, au kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwambie daktari kabla ya programu yoyote niliyoandika hapa.

Na kwa kuwa umeshachanika mara 2 mguu mmoja, mtu wa fiziotherapia apime kwanza nguvu ya mguu huo ukilinganisha na mwenzake, tofauti ikiwa kubwa ataanza na mguu dhaifu peke yake. Ukianza Nordiki mwambie anayekushika vifundo akupige video kwa pembeni, kila wiki mara moja, simu iwe mahali palepale. Angalia ile pembe ambayo mwili wako unashindwa na kudondoka. Wiki ya kwanza pengine utaanguka mwili ukiwa bado karibu wima. Ukifika wiki ya 8 nitumie pembe hio na muda wako wa mita 60, hapo ndo nitakwambia kama ni wakati wa kurudi kwenye kona ya mwisho kwa kasi yote.